Mpira umeingia chini ya mkadi, pembeni tundu la kaa. Niudondoshe wapi na nalipa ngapi?

#1 Mwana_Bumbwini
Asalam aleikum wakuu. Vijana wachache wa hapa kijijini tumejichongea kiwanja cha gofu kando ya pwani, mashimo matatu tu, tunazunguka mpaka magharibi iingie. Fimbo za mtumba, bendera tumeshona wenyewe. Jumapili nilikuwa nacheza na jirani yangu, shimo kwa shimo, anayeshindwa anamnunulia mwenzake urojo Forodhani.

Shimo la pili pigo langu la kwanza likaenda kombo, mpira ukaingia chini ya mkadi, katikati ya ile mizizi iliyosimama. Fimbo haingii hata kwa dua. Nikatangaza mpira huu hauchezeki, nikapima fimbo mbili kutoka pale ulipolala, nikaudondosha, nikaendelea, nikamfunga shimo lile. Jirani hajakubali mpaka leo. Anasema mpira usiochezeka dawa yake ni moja, kurudi ulikopigia. Nani ana haki?

#2 Kedi_Mstaafu
Waaleikum salaam. Jirani yako kashika theluthi ya kanuni, theluthi mbili kaziacha njiani.

Hiyo ni Kanuni ya 19. Ukishasema mpira wako hauchezeki una njia tatu, na zote zinakugharimu pigo moja la penati. Kurudi ulikopiga mara ya mwisho, hiyo ndiyo ya jirani. Au unavuta mstari ulionyooka kutoka kwenye shimo, upite pale mpira ulipo, uendelee nyuma. Unarudi nyuma juu ya mstari huo umbali wowote unaotaka na kudondosha hapo. Au hiyo uliyofanya, ndani ya fimbo mbili kutoka mpira ulipolala, bila kulisogelea shimo. Fimbo ya kupimia ni ndefu kuliko zote mkobani mwako, isipokuwa ile ya kusukumia kwenye grini, yale majani laini yanayozunguka shimo, haihesabiwi.

Anayechagua ni mwenye mpira. Anayeamua kwamba hauchezeki pia ni mwenye mpira, hata ukiwa umekaa vizuri katikati ya majani mafupi. Mpinzani hana kauli.

Swali langu: ulihesabuje? Pigo la kwanza, penati la pili, ulilopiga baada ya kudondosha ni la tatu.

#3 Mwana_Bumbwini
La tatu, ndivyo nilivyohesabu. Nikamaliza kwa tano, yeye sita.

#4 Shamba_Wete
Waunguja mna raha nyie. Huku kwetu ukipiga mpira ukaingia kwenye mikarafuu ya watu, mwenye shamba anatoka na panga, anachukua mpira na fimbo vyote viwili. Hiyo penati yake kanuni ya ngapi?

#5 BintiMichenzani
😂😂 @Shamba_Wete hiyo ni ya mwisho kabisa.
Kedi naomba kuuliza, mkono unakuwa wapi wakati wa kudondosha? Kaka yangu anaunyoosha usawa wa bega, mwingine nimemuona anainama.

#6 Mzee_Maisara
Usawa wa bega, mkono umenyooka. Ndivyo tulivyofundishwa. Na mpira uliopotea unautafuta dakika tano. Hao wanaoinama sijui wamesoma wapi.

#7 Kedi_Mstaafu
Shikamoo mzee. Bega na dakika tano vilikuwa sahihi mpaka mwisho wa 2018. Kuanzia Januari 2019 mpira unadondoshwa kutoka usawa wa goti, na kutafuta ni dakika tatu. R&A wa St Andrews na USGA wa Marekani ndio wanaoandika kanuni, na mwaka huo walizipangua karibu zote.

#8 Mzee_Maisara
Marahaba. Goti! Yaani wenye viuno vibovu hawakuulizwa.

Halafu nyie vijana msidhani gofu imeletwa Unguja na mahoteli. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja, baada ya kufukiwa ile hori ya bahari, Waingereza miaka ya 1920 walijitengea sehemu ya klabu yao: tenisi, kriketi, na gofu humo humo. Wenyeji wakiingia kama waokota mipira. Leo mwanangu wa Bumbwini anabishana Kanuni ya 19 na jirani yake. Nimefurahi.

#9 Pwani_Mchangani
Kuna kitu kiko kwenye kichwa cha uzi na nyote mmekiruka. Tundu la kaa!

Tundu lililochimbwa na mnyama ni hali isiyo ya kawaida ya uwanja, Kanuni ya 16. Unatoka BURE. Unatafuta sehemu ya karibu kabisa ambayo tundu halikusumbui tena, halafu unapewa fimbo moja, hakuna penati. Na msianze kusema kaa si mnyama. Kanuni zenyewe zinapotaja wanyama zinaingiza mpaka jamii ya kaa na kamba. Yanayotolewa ni matundu ya wadudu na minyoo.

Mwana_Bumbwini, tundu lilikuwa linagusa mpira au liko mbali?

#10 Mwana_Bumbwini
Linagusa. Mpira nusu yake ulikuwa kwenye mdomo wa tundu. Kaa mwenyewe alitoka akatutizama akarudi.

#11 Fundi_Majokofu
Basi ulijilipisha pigo la bure. Ulikuwa umalize kwa nne.

#12 Kedi_Mstaafu
Polepole hapo. Pwani_Mchangani yuko sawa kuhusu kaa, lakini kanuni hiyo hiyo ina mkia. Haikupi msaada wa bure kama ni wazi kwamba mpira ungekuwa hauchezeki hata hivyo, kwa sababu ya kitu kingine ambacho hakina msaada wa bure. Mkadi hauna msaada wa bure. Mizizi ya mkadi haina msaada wa bure. Wewe mwenyewe umeandika kwenye #1 kwamba fimbo haingii hata kwa dua. Ondoa tundu, ondoa na kaa wake, mpira bado upo gerezani. Kwa hiyo tundu halikuokoi.

Hii ndiyo sehemu ambayo wachezaji wanadanganyana kila siku. Mtu mpira uko ndani ya kichaka, anaona panya kachimba pembeni, anakuja mbio na uso wa tabasamu.

#13 Pwani_Mchangani
"Ni wazi kwamba haungechezeka." Nani kasema ni wazi? Mwaka 2013 pale Bay Hill, Florida, Sergio Garcia mpira wake ulikaa juu ya mti. Akaupanda mti ule, akaupiga kwa mkono mmoja huku ameupa mgongo uelekeo, ukarudi uwanjani. Bernhard Langer naye alifanya mambo hayo hayo Fulford, Uingereza, 1981. Wangeuliza humu ndani mngewaambia haiwezekani.

Kama kijana angeweza kupiga magoti, akageuza fimbo, akaupiga kwa nyuma kutoka upande wa bahari, basi kinachomzuia ni tundu, na anatoka bure.

#14 Kedi_Mstaafu
Garcia ana mkono wa Garcia. Na hata huo upigaji wa ajabu una masharti. Huruhusiwi kujitungia pigo la kipuuzi, au mkao usio na maana kwa hali ile, ili tu tundu likuguse.

#15 Mgeni_Dar
Nipite tu. Kwenye ile njia ya pili ya @Kedi_Mstaafu, ya mstari wa kurudi nyuma, watu wanaidharau kwa sababu wanaogopa umbali. Mwangalie Jordan Spieth, mashindano ya Open ya 2017, uwanja wa Royal Birkdale, siku ya mwisho, shimo la 13. Alipiga mbali sana kulia, mpira ukalala kwenye mteremko wa matuta ya mchanga, majani yameufunika. Akasema hauchezeki. Fimbo mbili zisingemtoa kwenye yale majani. Kurudi kwenye tii, pale pa kuanzia shimo, hakutaka. Akavuta mstari nyuma, nyuma, mpaka akatokea kwenye uwanja wa mazoezi, kati ya malori ya watengeneza vifaa. Uwanja wa mazoezi siku ile haukuwa nje ya mipaka! Malori yakiwa njiani mwake akasaidiwa bure kuyakwepa. Shughuli nzima ilichukua kama dakika 20. Alipoteza pigo moja tu kwenye shimo lile, kisha akacheza yaliyobaki kwa moto na kumpita Matt Kuchar kwa mapigo matatu.

Mwana_Bumbwini nyuma ya ule mkadi, kwenye mstari huo, kuna nini?

#16 Mwana_Bumbwini
Nyuma yake kuna bahari 😅

#17 Shamba_Wete
Basi kadondoshe Pemba, mkondo uko hapo tu, mradi hulisogelei shimo. Tukupokee Mkoani na chai.

#18 Nahodha_Bwejuu
Hapo kwenye bahari ndipo nilipokuwa napangoja. Mnazungumza kanuni, hamjauliza maji.

Kijana, huo mkadi uko juu ya jabali au uko chini, pale matumbawe yanapoanza? Wakati wa bamvua maji yanafika kwenye mizizi au hayafiki?

#19 Mwana_Bumbwini
Chini kidogo ya jabali. Tulipocheza maji yalikuwa yamekupwa, pakavu kabisa, watoto wanaokota chaza mbele yetu. Siku za bamvua nimeona maji yanapiga pale, sijui kama yanaingia au ni mawimbi tu yanarusha.

#20 Nahodha_Bwejuu
Basi kesi yote imegeuka. Bahari iliyo ndani ya kiwanja ni eneo la penati, iwe imewekewa vijiti au haikuwekewa. Nyie hamna kamati, hamna vijiti, kwa hiyo mpaka wake unafuata ardhi yenyewe, pale inapoinama kwenda kwenye maji. Na kama rangi ya eneo haijatajwa inahesabiwa nyekundu. Ukavu wa jioni moja haubadilishi kitu. Pwani yetu kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita 4. Unataka eneo lihamehame kwa saa?

Sasa, ndani ya eneo la penati hakuna kutangaza mpira hauchezeki. Kanuni ya 19 haiingii kule. Na lile tundu la bure la Pwani_Mchangani nalo haliingii, maana msaada wa bure wa matundu hautolewi ndani ya eneo la penati. Unapiga ulipo, au unatoka kwa Kanuni ya 17.

#21 Fundi_Majokofu
Kwani tofauti iko wapi? Kanuni ya 17 nayo si pigo moja, na kwenye nyekundu si fimbo mbili zile zile?

#22 Kedi_Mstaafu
Tofauti iko unapoanzia kupima. Kwa mpira usiochezeka unapima kutoka mpira ulipolala. Kwa eneo la penati jekundu unapima kutoka pale mpira ulipovuka mpaka kwa mara ya mwisho kuingia. Hivyo kama Nahodha yuko sawa, kijana alipima kutoka sehemu isiyo yake, na huenda kapiga kutoka mahali pasipo halali. Kwenye mchezo wa shimo kwa shimo hilo halina pigo la nyongeza: unapoteza shimo zima.

Nahodha umenikumbusha jambo la maana. Lakini bado sijakubali kwamba pale ni bahari.

#23 Pwani_Mchangani
Wala mimi. Maji ya bamvua yanayopanda kupita mpaka wa kawaida ni maji ya kufurika. Maji yaliyofurika kutoka eneo la penati ni maji ya muda, hayahesabiwi kuwa eneo la penati. Kwa hiyo mkadi uko nje, na tundu langu limefufuka.

#24 Nahodha_Bwejuu
Bamvua si mafuriko yakhe. Bamvua inakuja kila mwezi mpevu na kila mwezi mwandamo, tangu kabla ya babu yako. Kinachorudi kwa kalenda unakiitaje kufurika? Ndiyo bahari yenyewe hiyo, inafika inapofika.

#25 BintiMichenzani
Mmenitoa kwenye reli. Kwenye keram angalau ukitumbukiza striki unalipa faini, kete inarudi katikati, hakuna anayeuliza mwezi una siku ngapi.

#26 Mzee_Maisara
Hiyo keram nayo nimeona watu wakirushiana poda usoni, binti.

#27 Jiwe_Uwanda
Naomba kuongeza la mawe maana sisi wa upande wa mashariki tunaishi juu yake. Mpira ukikwama kwenye tumbawe, angalia kwanza: jiwe limeshikana na ardhi au limelala tu? Lililolala ni kizuizi huru, unaliondoa bure, hata likiwa kubwa. Tiger Woods mwaka 1999 Phoenix alikuwa na jiwe mbele ya mpira wake, watazamaji wakasaidiana kulisukuma, mwamuzi akasema ni halali kwa sababu halikuwa limekita. Nazi iliyoanguka pia unaiondoa. Makuti makavu unaondoa. Ila usiondoe kitu mpira ukasogea, hiyo ni pigo moja na mpira unarudi mahali pake. Lililokita ni sehemu ya ardhi, ukishindwa ndiyo unarudi kwenye Kanuni ya 19.

Na kama ni ukuta wa mawe uliojengwa na watu basi ni kizuizi kisichohamishika, unatoka bure, isipokuwa ukuta wa mpaka wa kiwanja. Mwana_Bumbwini hakuna hata ukuta mkongwe pale?

#28 Mwana_Bumbwini
Kuna mabaki ya ukuta mbele kidogo ya mkadi. Hayakunizuia kitu.

#29 Jiwe_Uwanda
Ukuta huo kama unazuia fimbo au mkao wako...

#30 Kedi_Mstaafu
Jamani tusimfungulie mlango mwingine. Kasema haukumzuia.

#31 Shamba_Wete
Na kunguru je? Hii ni kesi ya kweli. Shemeji yangu anafanya kazi hotelini Unguja, anasema kunguru walishuka wakachukua mpira wa mgeni mmoja wakaruka nao mpaka juu ya mnazi. Mgeni akasema hauchezeki, akajilipisha.

#32 Kedi_Mstaafu
Kamwonea huruma kunguru bure. Mpira uliochukuliwa na mnyama, kama ni hakika au karibu na hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa, unarudishwa pale ulipokuwa na hakuna penati. Ukishindwa kuupata wa kwanza unatumia mwingine. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka. Sasa wanakula mpaka gofu.

Mpira ukikaa juu ya mnazi kwa pigo lako mwenyewe ni kitu kingine. Lazima uutambue kuwa ni wako, hata kwa darubini ukiona alama yako inatosha. Ukiutambua unaweza kusema hauchezeki, na fimbo mbili zinapimwa kutoka ardhini, chini kabisa ya mpira. Usipoutambua ndani ya dakika tatu umepotea, na hapo huna mstari wala fimbo mbili: ni kurudi ulikopiga tu. Na kama unataka kuutikisa mnazi, sema kwanza kwamba utauchukua kama mpira usiochezeka, usije ukalipa mara mbili.

#33 Fundi_Majokofu
Mie huwa najipunguzia safari. Nikiona unaelekea pabaya napiga wa akiba hapo hapo, nikiukuta hauchezeki naendelea na ule wa akiba.

#34 Mgeni_Dar
Haipo hiyo kaka. Mpira wa akiba ni kwa ajili ya mpira ambao huenda umepotea nje ya eneo la penati au umetoka nje ya mipaka. Ukishaukuta wa kwanza ndani ya kiwanja kwa wakati, wa akiba unautupa, hata kama wa kwanza uko kaburini. Ukitaka kurudi kwenye tii unatembea tena mpaka kwenye tii. Ule wa akiba ukiendelea nao unakuwa umecheza mpira usio wako.

#35 Fundi_Majokofu
Loh. Basi kuna shimo moja nadaiwa na watu wengi sana.

#36 BintiMichenzani
Na kwenye bunka, lile bonde la mchanga? Kaka yangu amezikwa kwenye ukuta wa mchanga, anasema haruhusiwi kutoka nje ya bunka.

#37 Kedi_Mstaafu
Kwa pigo moja ana njia zote tatu, ila mstari wa nyuma na fimbo mbili lazima adondoshe ndani ya bunka hilo hilo. Kurudi alikopigia mwanzo kunamtoa kama alipigia nje. Tangu 2019 kuna ya nne: kwa penati ya mapigo mawili anarudi nyuma kwenye mstari mpaka nje ya bunka. Kama anatumia pigo tatu kutoka kwenye mchanga kila mara, hayo mawili ni rahisi.

#38 Nahodha_Bwejuu
Turudi kwenye bahari. Nimetazama: Jumapili ile mwezi ulikuwa umebakisha kidogo kutimia. Mwana_Bumbwini nenda pale siku ya bamvua, angalia ardhi inaanzia wapi kuinama. Usiangalie maji, angalia ardhi. Kama mkadi uko baada ya ukingo, umepoteza shimo.

#39 Pwani_Mchangani
Na kama uko kabla ya ukingo, kapige magoti ujaribu pigo la Garcia. Likitoka, Fundi_Majokofu yuko sawa, ni nne.

#40 Mgeni_Dar
Mnapoteza muda, kwa heshima. Huu ulikuwa mchezo wa shimo kwa shimo. Mpinzani akiona kosa anatakiwa adai kabla ya mmoja wao kupiga pigo la kuanza shimo linalofuata. Baada ya hapo, kama hakufichwa wala hakuambiwa uongo, matokeo yanabaki hata kama kanuni ilivunjwa. Mwana_Bumbwini, jirani alilalamika lini?

#41 Mwana_Bumbwini
Alilalamika pale pale nilipodondosha. Lakini alilalamika kwamba nirudi kwenye tii. Habari ya bahari wala ya tundu hakuitaja. Halafu akapiga yeye wa kwanza shimo la tatu.

#42 Mgeni_Dar
Basi kwisha. Hakudai kwa sababu sahihi, na kaanza shimo lingine. Urojo ni wako.

#43 Nahodha_Bwejuu
Si kwisha. Kalalamika kwa wakati. Kanuni inamtaka ataje kanuni kwa namba, au inamtaka aseme "sikubali, amua"?

#44 Kedi_Mstaafu
Inamtaka aseme anadai uamuzi. Wakiwa wawili bila mwamuzi wanaweza kukubaliana wenyewe, na makubaliano yao yanasimama hata yakiwa na kosa, mradi hawakukubaliana kuidharau kanuni wanayoijua. Mlikubaliana?

#45 Mwana_Bumbwini
Alisema "haya endelea, tutaona".

#46 Shamba_Wete
"Haya endelea tutaona" si kukubali. Kwetu Wete hiyo ni vita.

#47 Mzee_Maisara
Kwetu Maisara ni kukubali.

#48 Jiwe_Uwanda
Mie bado nataka picha ya ule ukuta.